Mkaguzi Aliyeangukia Kwenye Mizani Yetu

Mkaguzi aliyekuja kuamua kama kiwanja chetu cha ndege kifungwe alianguka juu ya mizani ya mizigo.

Sitanii. Mizani ikasoma uzito wake. Ilikuwa inafanya kazi vizuri.

Mimi ndiye niliyekuwa kaunta. Kiwanja kilikuwa kidogo mno: napima mizigo, nakagua tiketi, halafu nakimbilia kipaza sauti kuwatangazia abiria wale wale niliotoka kuongea nao.

Kilianza kama njia ya vumbi ya ndege za kunyunyizia mashamba dawa. Baadaye ikaja lami, chumba cha kusubiria, na choo. Choo ndicho kilichotupa hadhi.

Mkaguzi alikuwa ameshinda akitupekua. Hacheki. Chai yetu hataki. Mara kashika kifua, puu!

Nesi wa zahanati ya jirani akaja mbio.

"Ni moyo. Afike hospitali kubwa leo hii."

Barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Meneja wetu, tuliyemwita Mama Uwanja, akaomba ndege ya wagonjwa. Wakakubali.

Shida ikabaki mbuzi. Walikuwa wamejilalia katikati ya njia ya ndege.

Kwa kawaida mbuzi wale walifukuzwa na gari la zimamoto. Moto halikuwahi kuuzima, ila mbuzi waliliheshimu. Dereva wake, Bwana Moto, akawasha.

Kimya.

"Betri imekufa, jamani! Sukumeni!"

Tukasukuma. Abiria, nesi, mimi na viatu vyangu vya kisigino. Mkaguzi kalazwa kwenye benchi mlangoni, anatukodolea macho.

Gari likakohoa, likawaka. King'ora kikalia, mbuzi wakatawanyika. Ndege ikatua, ikambeba.

Bwana Moto akajifuta jasho. "Ajira zetu zimepona."

Hata mimi niliamini hivyo. Nina wanangu wawili, na kazi nyingine sikuwa nayo.

Wiki kadhaa baadaye mkaguzi akapiga simu. Mama Uwanja akaweka sauti ya juu ili wote tusikie.

"Nimepona. Mke wangu anawashukuru sana."

"Tunashukuru Mungu, baba."

"Nimependekeza kiwanja kifungwe."

Bwana Moto akasogelea simu.

"Nimeshuhudia kwa macho yangu gari la zimamoto likisukumwa na abiria. Na mbuzi. Ndege ikiwaka moto siku moja, mama, mtafanyaje?"

Mama Uwanja akamuuliza, "Dawa unakunywa?"

"Nakunywa."

"Usiache."

Akakata simu. Bwana Moto akalipuka: "Tungemwacha pale pale kwenye mizani!"

"Amesema uongo gani?" Mama Uwanja akauliza.

Tukatafuta uongo. Hatukuupata.

Kiwanja kikafungwa. Nililia wiki nzima, nikamtukana sana yule baba moyoni.

Siku hizi nauza tiketi za mabasi. Nimejifunza hivi: ukimwokoa mtu, umemwokoa tu. Hujamnunua.