Mwanamke Aliyekalia Kiti cha Baba

Nilipokuwa darasa la tano pale Kakuma, mwaka wa 2012, baba yangu alishindwa kuketi. Alikuwa dereva wa lori la unga kutoka Lodwar, mtu wa kiburi na sauti kubwa, na sasa alikula akiwa amesimama. Maumivu yalimkaa kwenye kinena, nyuma ya korodani, na kila alipotoka kukojoa alirudi ameuma meno. Watu wakanong'ona kwamba ni kisonono. Akameza vidonge vya kila rangi kutoka vibanda vya kambi ya wakimbizi, vikamvuruga tumbo tu. Miezi ikapita.

Ndipo kaka yake, baba mkubwa Lokwang, akaleta emuron, mpiga ramli anayesoma viatu. Mzee yule akarusha viatu vyake vya ngozi, kimoja kikaangukia juu ya kingine, naye akatangaza bila haya kwamba kuna mwanamke amekalia ekicholong ya baba. Ni kile kigoda kidogo cha mti ambacho mwanamume wa Kiturkana hatengani nacho. Mchana hukikalia, usiku hulaza kichwa juu yake. Mwanamke hakikalii. Sisi watoto tuliamini kwamba akikikalia, mwenye kigoda ataoza kiuno.

Macho yote yakamgeukia mama.

"Mimi nilikitoa tu kwa mvua," mama akasema.

"Hiyo ni kitu moja," Lokwang akajibu, akimwita kwa jina langu. "Mama Akiru, wewe rudi kwenu kwanza. Huyu mtu apone."

Mbuzi akachinjwa, baba akapakwa kifuani mavi ya utumbo wa mbuzi huyo, na wazee wakala nyama. Mama alikuwa akifunga nguo zake kwenye shuka, aende kwao Katilu na mdogo wangu mgongoni, huku Lokwang akilamba mafuta vidoleni kana kwamba yuko harusini. Nilimdharau siku hiyo na sijaacha.

Mwaka uliofuata baba akaanza kuketi. Lokwang akavimba kichwa, akatuma ujumbe Katilu kwamba mama amesamehewa. Mama akarudi, akaweka mzigo wake chini na kuuliza, "Nimesamehewa nini?" Baba alikuwa hapo hapo. Akaendelea kunywa chai.

Tangu hapo mama akawa yule mwanamke aliyekalia kiti. Akipita, wake wa majirani walivuta vigoda vya waume zao pembeni, wapumbavu wale, mbele yetu. Mwaka jana tulipomzika, Lokwang, mzee sasa na bado hana aibu, alisimama kaburini akasema marehemu alikosa lakini ukoo ulimsamehe. Jioni nilimuuliza baba kama kweli anaamini upuuzi ule.

Hakuamini. Aliniambia kwamba safari moja, mama akiwa bado Katilu, alipitia kwa daktari Lodwar, kimyakimya. Siku hizo malori yalienda kwa msafara na askari kwa kuogopa majambazi. Ukisimama kukojoa unaachwa, kwa hiyo baba alibana mkojo njia nzima, akirushwarushwa juu ya kiti kigumu. Daktari akamwambia huenda ni bakteria kwenye tezi dume, huenda ni misuli ya nyonga iliyokaza, na mara nyingi sababu yenyewe haijulikani kabisa, lakini wanaume wengi wanaugua hivyo na kuna nafuu. Alimpa dawa, akamfundisha kukalia beseni la maji ya uvuguvugu, kupumua taratibu akilegeza misuli, na kutobana mkojo. Nafuu ikaja polepole.

"Kwa nini hukusema, baba?"

"Huyo daktari alinipima na kidole. Huku nyuma. Sasa mimi mwanaume ningeambia wazee aje?"

Ni baba yangu, na chakula chake nampikia bado. Lakini nikisikia wazee wakijisifu kwamba mwanamume wa Kiturkana haogopi kitu, huwa nacheka, tena kwa sauti. Ninayemjua mimi aliona aibu ya kidole kimoja chenye glavu, akaona afadhali mama yangu aende kaburini na jina baya.