Redio Kubwa na Pazia la Nyundo

Mimi nakusanya redio ambazo watu wenye akili zao walishazitupa. Ni zile za lampu, za enzi kabla ya transista: sanduku la mbao, kitambaa mbele, na ndani taa ndogo za kioo ambazo lazima zipate moto kwanza ndipo redio ianze kusema. Nilikuwa dereva wa lori, na mara nyingi nilipopeleka mzigo nilirudi na redio iliyogeuka nyumba ya mende kwenye stoo ya mtu. Ninazo pia antena za ndani: fremu za mbao zilizozungushiwa waya wa shaba, na moja ya duara ambayo wageni hudhani ni ungo uliotoboka. Sebule yangu hapa Mbugangari, karibu na ziwa na mpaka wa Goma, imejaa. Zamani mgeni akija, ilibidi redio moja ishuke kitini ndipo akae. Siku hizi haishuki hata moja.

Kati ya zote kuna moja kubwa, ya mbao nyekundu, yenye jicho la kijani juu ya kioo cha stesheni. Ikiwa haijashika kitu, jicho hubaki wazi. Ikishika vizuri, jicho hujifumba mpaka pande mbili za kijani zikutane. Hiyo haikuwahi kunisumbua. Nyuma yake kulikuwa na waya wa urefu wa kiganja, uliofungwa kwenye kindoano nyuma ya pazia la dirisha, basi. Jioni ilileta Kiswahili cha mbali, Kifaransa, Kiarabu, na nyimbo za nchi nisizozijua, vyote safi kabisa. Nami nilivimba kichwa. "Nyinyi mnapanda juu ya mabati kufunga waya," niliwaambia wageni. "Mimi kiganja kimoja tu!" Nikifika hapo, mke wangu aliinuka kwenda jikoni kuangalia chai. Kila mara. Nilidhani amechoka kunisikia, na sikumlaumu.

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Alizikubali redio zangu zote kwa sharti moja, kwamba waya usipite kwenye ukuta wake. Alifariki mwaka juzi, ugonjwa haukumpa hata nafasi ya kuaga. Siku ya kuondoa kiriyo, tulipomaliza maombolezo, ndugu zake waligawana nguo zake na vitu alivyoshona, ili kila mmoja abaki na cha kumkumbukia. Wanawake walifanya kazi hiyo ndani, mimi nilikuwa nje na wanaume. Nilipoingia, dada yake anayekaa Nyundo, huko juu mlimani, alikuwa ameshakunja pazia la sebuleni. Nikasema achukue. Pazia ningelifanyia nini?

Wiki hiyohiyo niliwasha redio kubwa, maana nyumba ilikuwa kimya mno. Lampu zikapata moto, redio ikanguruma, jicho likabaki wazi linanitazama. Nikazungusha huku, nikazungusha kule, ni mlio tu wa mafuta yanayokaanga maandazi. Nililia siku hiyo kuliko siku ya mazishi, wala sioni haya kusema. Nilikuwa nataka jioni moja tu kama zilivyokuwa, na hata hiyo mke wangu alikuwa ameondoka nayo.

Nikaamua kwamba lampu zimechoka. Nilivuka mpaka hadi Goma, kwa fundi mmoja aliyebaki na lampu chache, anazihifadhi ndani ya soksi zisivunjike. Nikabadilisha moja, nikabadilisha nyingine. Nikaifungia antena ya fremu, ikashika stesheni ya jirani kwa kukohoa, jicho likasinzia kidogo kisha likafunguka. Wanangu walio Kigali walinishauri kwa simu ninunue spika ndogo ya kisasa, ina kila kitu. Nilikata simu.

Mwezi uliopita nilipanda Nyundo kumsalimu shemeji. Alinikaribisha karibu na dirisha, na pale lilikuwepo lile pazia. Upindo wake ulikuwa umelika kidogo, na kwenye tundu kitu kilimetameta. Nilikijua kabla sijakishika. Ilikuwa shaba. Nikaupapasa upindo wote: waya ulikwenda chini, ukapanda pembeni, ukavuka juu, ukashuka, ukarudi tena, umeshonewa ndani kwa mshono mdogo ninaoujua vizuri, na ncha yake imeachwa nje nyuma, pale penye kugusa kindoano.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Eh! Kweli haukujuaka?" akashangaa kwa Kiswahili chake cha mpakani. " Njo antena yako iyo! Alishonaka waya yote mule ndani, sababu hakutaka ionekane kwa ukuta."

"Na hakuniambia miaka yote hiyo?"

"Bon, sisi alituambiaka: mumuache ajisifu, iyo njo furaha yake. We ukianza mambo ya kiganja, ye anakimbia kwa jiko, anafunga mudomo na kitenge, anacheka mpaka machozi." Kisha akanitazama, akapunguza sauti. "Mi nilizani alikuambiaka mbele ya kufa."

Nilitaka kukasirika. Nilijaribu kwa dhati, ikashindikana. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na kicheko kikageuka, nikawa nalia mbele ya shemeji yangu kama mtoto. Yeye alipanda juu ya kiti, akalishusha pazia, akalikunja.

"Beba, shemeji. Mi nilikamata pazia, sikukamata redio."

Nilimwahidi kitambaa kingine cha dirisha, na siku ya pili nilimpelekea. Lakini siku ile niliposhuka nyumbani, jua lilikuwa bado juu ya ziwa. Nilitundika pazia, nikafunga waya kwenye kindoano, nikasubiri lampu zipate moto. Jicho likajifumba. Sauti ya mtu wa mbali ikaingia safi, anasoma habari za mvua ya mahali nisipopajua. Nikasimama katikati ya redio zangu, nikasema kwa nguvu kama zamani, "Kiganja kimoja tu!"

Kisha nikapunguza sauti ya redio, nikatega sikio jikoni.