Kosa la Kusimama

Wanawake wa kufua walikuwa na utaratibu wao pale kwenye kona: aliyewahi ndiye husimama karibu na mageti, na ukikaa chini umepoteza zamu. Kijiti, waliyemwita hivyo kwa wembamba wake, aliwahi asubuhi hiyo. Mtoto wake wa miezi minne alikuwa kwa jirani, na ilikuwa lazima arudi kumnyonyesha kabla ya saa nne, maana chupa aliikataa katakata.

Gari la askari likafunga breki mbele yao. Wenzake wakatimua mbio. Akabaki yeye, aliyechelewa kushtuka, na Shangazi, mfuaji mkubwa kuliko wote, mwenye goti bovu.

"Mnafanya nini hapa?"

"Tunasubiri kazi, afande. Tunafua nguo."

"Beseni liko wapi? Sabuni?"

Wiki iliyopita mabeseni yao yalikamatwa, wakaambiwa wanaziba njia, ndipo wakakubaliana kuja mikono mitupu. Walidhani wamepata dawa.

"Huna kifaa, huna kazi, umesimama tu. Huo ni uzururaji. Panda!"

"Na yule bwana aliyeegemea gari tangu alfajiri?" Shangazi akadakia. "Mbona yeye humuulizi?"

"Yule ana gari lake."

"Kumbe! Basi kosa letu, baba, ni kukosa cha kuegemea."

Dereva wa askari akacheka, lakini mlango wa nyuma ulishafunguliwa. Kijiti akahisi maziwa yakimchuruzika, blauzi ikaloa. Waliokamatwa mwezi uliopita waliachiwa jioni.

Mara geti likafunguka, mama mwenye nyumba akachungulia. "Wewe mwembamba, njoo, nina nguo za kufua."

"Haya, nenda," askari akasema. "Wewe umeshapata kazi." Akamshika Shangazi mkono.

Walisimama pamoja, mahali pale pale. Sasa mmoja mfanyakazi, mwingine mhalifu. Miguu ya Kijiti ilitaka kukimbilia getini. Akaikaza.

"Tuko wawili, mama."

"Nguo zenyewe beseni moja tu."

"Mmoja atafua, mwingine atasuuza."

Mama akamtazama askari, kisha akaitazama ile blauzi iliyoloa. "Mwachie huyo mkubwa, afande. Wote ni wangu leo."

Askari akauachia mkono taratibu, kama mtu aliyedhulumiwa. Geti likafungwa kwa komeo, Shangazi akamkabidhi Kijiti ndoo.

"Teka maji, mwanangu, tufanye haraka," akasema. "Mtoto hazijui sheria hizi."