Kovu la Makala Nililiona

Mimi ndiye mwenye kosa. Naliweka hili mbele, kwa sababu mkifika katikati mtanionea huruma, na huruma hiyo si yangu.

Niliishia darasa la sita, mnivumilie. Nilikuwa mtunza farasi kwa mzungu mmoja karibu na Katunguru. Alikuwa na wawili tu, waliostaafu mbio huko Kenya: jike la kahawia na dume jeupe kama unga wa muhogo. Wakazaa mtoto mweusi. Mweusi ti! Mzungu mwenyewe alishangaa, akasema farasi wa mbio wengi ni wa kahawia, mweusi kamili ni wa kutafuta. Alipofunga kazi aliwauza wale wakubwa, mtoto akaniachia mimi. Nikamwita Makala, yaani makaa.

Baadaye nikapata kazi ya ulinzi Kampala. Makala nikamwacha Bwera mpakani, kwa rafiki yangu Kambale, mkimbizi kutoka Butembo, Kongo. Jina lake nalitaja bila woga, maana ukiita Kambale katika soko la Butembo nusu ya wanaume watageuka. Alikuwa zaidi ya ndugu. Kila nilipopiga simu kuuliza Makala yukoje, alijibu, "Anakomaa tu." Nami nikajisifu kwa walinzi wenzangu kwamba nina farasi mweusi asiye na mwenzake Uganda nzima.

Mwalimu mmoja wa Kisinga akaniomba Makala ambebe siku ya harusi yake, pale Bwera. Nikarudi. Nilimkuta mrefu, mweusi, anang'aa. Machozi yalinilenga.

Tulipotoka kanisani mvua ikashuka kutoka milimani. Loo! Weusi ukaanza kutiririka. Ukashuka shingoni, ukashuka tumboni, ukaingia kwenye suruali nyeupe ya bwana harusi. Chini yake akatokea farasi wa kijivu, kichwa cheupe kama cha mzee. Ilikuwa kanta, ile dawa ya kuficha mvi, imeongezewa masizi ya sufuria!

Mwendesha boda mmoja akasema, "Farasi wa Kampala analia wanja." Watu wakaanguka kwa kicheko.

Nilimkaba Kambale shati. Nikamwambia ameuza farasi wangu, akanipakia rangi farasi wa watu. Sijawahi kusikia uchungu kama ule. Mtu uliyemwamini kuliko ndugu wa tumbo moja!

"Ni yeye, ndugu," akasema kwa Kiswahili cha kwao Kongo. "Makala inaishaka ku majivu. Nilianza kuona mvi ku kichwa, nikaogopa utasema nilimuuzisha."

Na ndicho hasa nilichokuwa nasema.

Ili nisimwonee wala nisijipendelee: alinificha. Angeweza kuniambia kwenye simu, na hilo linaniuma mpaka leo. Lakini je, ningemwamini? Nadhani hapana. Sina hakika.

Watu walikuwa wameshaanza kusema Wakongo ndivyo walivyo. Kambale akapiga magoti kwenye matope, akainua mguu wa mbele wa farasi.

"Angalia. Waya ya Katunguru."

Kulikuwa na kovu lililopinda kama mundu. Makala alikatwa na waya akiwa mchanga, kwa uzembe wangu, na kidonda nilikiosha mwenyewe kila asubuhi mpaka kikafunga. Kovu lile ningelijua hata kwa vidole.

Nililiona. Nikalijua.

Nikasema, "Kovu hata mbuzi ana."

Wakacheka tena, na safari hii kicheko kilikuwa upande wangu. Kilikuwa kitamu, Mungu anisamehe.

Kambale aliushusha mguu polepole, kama mtu anayeweka yai. Baada ya siku ile kila alikopita aliitwa mwizi wa farasi, mpaka mwenye nyumba akamtoa. Akavuka mpaka pale Mpondwe, yeye na mkewe na watoto, kurudi kule kule walikokimbia risasi. Simu yake haipatikani.

Nilikwenda kwa daktari wa mifugo Kasese mjini, nikiwa bado natafuta haki yangu. Akaniuliza swali moja: "Baba yake alikuwa rangi gani?" Nikamwambia, mweupe. Akaeleza kwamba mtoto wa farasi wa aina ile huzaliwa mweusi au kahawia, kisha huota mvi mwaka hadi mwaka, mpaka abaki mweupe. Ngozi tu ndiyo hubaki nyeusi.

Hayo sikuyajua, na kutoyajua labda si dhambi. Kovu nililijua.

Makala sasa ni mweupe mwili mzima. Siku za soko hapa Bwera, akina mama wa Kongo wakipita wanaongea, anasimamisha masikio na kuwafuata kwa macho mpaka wapotee. Nikimwita mimi, anaendelea kula.

Wewe unayesoma, ukishamshtaki mwenzako mbele ya watu, halafu ukaliona kovu, liseme. Liseme pale pale, kwa sauti ile ile uliyomwitia mwizi. Usingoje! Mimi nalisema leo, na aliyepiga magoti kwenye matope ili niliseme hayupo kunisikia.