Nilivyolifuata Daftari la Fundi Lukombe

Niliondoka Kigoma kwa sababu ndege yetu ilikuwa inarukaruka juu ya maji, na mtu pekee aliyejua kwa nini alikuwa amekufa.

Ilikuwa Septemba 2019. Mimi ni mwalimu wa ufundi wa mashine chuoni. Kwa miaka mitatu wanafunzi wangu na mimi tulikuwa tukiunda ndege ya majini kwa michoro ya zamani ya Fundi Lukombe wa Kalemie, Kongo, ng'ambo ya ziwa letu. Lukombe alianza kama fundi wa injini za boti. Hakuna aliyemfundisha habari za ndege. Alijisomea mwenyewe, akafua maboya mawili marefu kwa mabati ya meli iliyovunjwa, akayafunga mahali pa magurudumu, akaruka. Alitaka daktari afike kwenye vijiji vya ziwani visivyo na barabara kabla mgonjwa hajakata roho. Ndege ile iliruka mara tatu. Mara ya nne ilipinduka kifudifudi ikiwa kwenye mwendo, ikamuua mwanawe aliyekuwa akiiendesha. Lukombe akahama, akaishia Johannesburg akitengeneza makabati ya watu, na huko huko akazikwa. Lakini tulisikia kwamba hakuacha kuchora.

Tulipoivuta yetu kwa boti kuijaribu, pua ilianza kupanda na kushuka, kila mruko ukizidi uliotangulia. Niliwaambia wanafunzi ni mawimbi. Jumamosi iliyofuata wakubwa wa wilaya walikuwa wamealikwa kuja kuiona ikiruka, na rubani angekuwa Neema, mwanafunzi wangu wa zamani mwenye leseni. Furaha, binti wa Lukombe aliyebaki Johannesburg, ndiye aliyekuwa na daftari la mwisho la baba yake. Kila nilipompigia simu kuuliza juu ya maboya, alinijibu neno moja: njoo.

Jumatatu alasiri nilitua Johannesburg. Wanjala, Mkenya niliyesoma naye, sasa mfanyakazi wa benki, alinipokea kwa gari lake. Njiani kuelekea kwake Midrand hakuniuliza habari za nyumbani. Alisema nimekuja wiki mbaya, maduka ya wageni yanavunjwa, na kama ninaweza kusubiri siku tatu, nisubiri. Nilimpigia Furaha. Alisema Jumatano asubuhi anahama Alexandra, mtaa wa makabwela anakoishi, kwenda kujihifadhi kanisani, na atabeba cherehani na nguo tu; daftari lingebaki. Basi hapakuwa na siku tatu.

Jumanne asubuhi tulipanda treni ya kasi hadi Sandton. Wanjala alinionyesha teksi za Alexandra, ambazo ni kama daladala zetu, akaniomba nisifungue mdomo nikiwa ndani, kwa sababu lafudhi yangu ya Kiswahili ingenitambulisha kuwa mgeni; yeye hakupanda. Kutoka kwenye maghorofa ya vioo ya Sandton hadi Alexandra ni dakika chache tu. Kwenye robot ya kuingilia, kama wanavyoziita taa za barabarani huko, dereva alisimama kwa taa nyekundu, akatazama kushoto na kulia, akaondoka kabla haijabadilika. Barabarani palikuwa na majivu ya matairi. Kila spaza, yaani kiduka cha mtaani, niliyoiona ilikuwa imeshusha mlango wa chuma.

Furaha alikuwa akiishi chumba cha nyuma kwenye ua wa mama mmoja wa Kizulu ambaye wote walimwita Gogo, yaani bibi. Furaha alikuwa mwanamke mwembamba, wa rika langu, futi ya kushonea bado iko shingoni. Vitu vyake vilikuwa vimefungwa tayari. Aliniambia niketi kitandani, akanipa daftari lenye jalada la bluu.

"Papa alisema mtu akikuja kuuliza juu ya ndege, nimupe," alisema. "Lakini asome kwanza mbele yangu."

Nilikuwa sijamaliza ukurasa wa kwanza lango lilipogongwa. Si mkono; ni kitu kizito. Sauti za wanaume, nyingi. Furaha alizima redio na kukaa sakafuni nyuma ya mlango. Nilimsikia Gogo akitoka taratibu, akizungumza nao kwa Kizulu kupitia lango bila kulifungua. Sikuelewa hata neno. Sikujua pa kuyaweka macho yangu, nikayaweka kwenye daftari.

Mchoro niliokuwa nimeufuata ulikuwa pale. Chini ya kila boya kuna mkato kama kidato cha ngazi, unaosaidia boya kuachana na maji. Lukombe aliufuta mkato wa zamani na kuuchora upya, nyuma zaidi kwa upana wa kiganja. Chini yake aliandika kwamba siku moja kabla ya ajali aliiona pua ikicheza. Alijua. Ila wageni walikuwa wameshafika kutoka mjini na viti vimepangwa, hivyo akamwambia mwanawe ni mawimbi.

Nililisoma neno lile mara mbili. Ndilo nililowaambia wanafunzi wangu.

Sauti ziliondoka. Baadaye Furaha alinifasiria: Gogo aliwaambia kwamba uani kwake wapo ndugu zake tu, na anayetaka kuhakikisha aanze na yeye.

"Nani ataikala ndani ya ndege?" Furaha aliniuliza.

Nilimwambia ni Neema, ana miaka ishirini na minne.

"Kaka yangu pia alikuwa ishirini na minne. Papa alisimama pwani na wageni." Alinitazama nikashindwa kumtazama. "Mi sitaki ile ndege ikule mtu mwingine."

Gogo alinisindikiza hadi kwenye teksi akiwa amenishika mkono kama mwanawe.

Saa kumi jioni, nikiwa stesheni ya Sandton, nilimpigia mkuu wa chuo kumwambia ndege haitaingia majini Jumamosi. Alikasirika, barua za mwaliko zilikuwa zimeshatoka. Kisha nilimpigia Neema nikamweleza yote.

"Mwalimu, ulijua tangu siku tuliyoivuta?"

"Nilihisi," nilisema. Halafu nikajisahihisha. "Ndiyo. Nilijua."

Alikata simu.

Ijumaa nilirudi Kigoma na daftari. Nilipewa barua ya onyo, na wakubwa wale hawakualikwa tena wala hawakuuliza. Neema alikaa wiki mbili bila kuja karakana. Aliporudi, aliniomba daftari, akalisoma lote, kisha akachukua msumeno wa chuma. Tulikata na kuunda upya mikato yote miwili. Nimefundisha vipimo miaka mingi, lakini Lukombe ndiye aliyenifundisha kwamba fundi huanza kuua pale anapoona aibu kusema kazi yake ina kasoro.

Desemba tuliiteremsha majini asubuhi, ziwa likiwa shwari. Neema alikaa mbele, mimi kiti cha pili. Pua haikucheza. Maji yaliacha kutugonga kutoka chini, nikaona kivuli chetu kikijitenga nasi, kikabaki kinatufuata juu ya ziwa.

Tulipotua nilimpigia Furaha, ambaye alikuwa amepata chumba Midrand na kurudia kushona. Nilianza kumweleza habari za mkato, jinsi baba yake alivyokuwa sahihi. Hakuningoja nimalize.

"Mumerudi wote?" aliuliza.

Nilimwambia tumerudi wote. Nilisikia akivuta pumzi, kisha cherehani ikaanza kulia.