Hakuna Aliyepinga

Mpaka leo nikisikia mtu anasema kimya ni kukubali, natamani kumtupia kiti. Kwetu Ubena mzee akizungumza mbele za watu, hata akikosea, unainamisha kichwa. Kesho yake unamfuata kwake, mnaongea, mambo yanarekebishwa. Nimelelewa hivyo, na adabu hiyo ndiyo iliyotumaliza.

Tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja wa Makete aliyekuwa anapanda minara mwenyewe. Tuliuza intaneti Makambako, kwa maduka na shule mbili za jirani. Wateja wote walitoka mtandaoni kwa anwani moja tu, ile namba inayotambulisha kompyuta kwenye intaneti, tena ya kuazima kwa kampuni kubwa. Mmoja akifanya uhuni, wote wanafungiwa. Tukaomba anwani zetu wenyewe kwa shirika linalozigawa, ambalo sera zake hupitishwa na wajumbe wenyewe kikaoni. Hatujajibiwa, ikaja hoja ya kubadili sera: anwani zilizobaki wapewe wenye mitandao mikubwa, wadogo wakaazime kwao. Ikipita, tumekwisha.

Mjadala ulifanyika kwa njia ya mtandao. Siku hiyo tulipanda Njombe mjini, ambako umeme ulikuwa wa uhakika, tukakaa mbele ya kompyuta na makoti yetu. Mtoa hoja alikuwa mzee mpole, mwalimu wetu wa semina ya kwanza kabisa. Alipomaliza, mwenyekiti akauliza kama kuna anayepinga.

Dada akapeleka mkono abonyeze aombe nafasi. Nikaushika.

"Acha. Mzee hapingwi hadharani. Tutamwandikia kesho."

"Kaka, yule si baba yako."

Lakini aliacha, maana mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Mwenyekiti akasubiri kidogo, akashukuru, akatangaza kwamba wajumbe wameafikiana.

Kesho yake nikamwandikia mzee barua ndefu yenye heshima zote. Akajibu kwa upole kwamba hoja zangu zina uzito mkubwa, ila mbona sikuzisema kikaoni? Afadhali angenitukana.

Ombi letu likakataliwa. Shule zikahama, maduka yakafuata. Dada sasa anapanda minara ya ile kampuni kubwa, na tukikutana stendi ananisalimia vizuri tu, jambo linaloniuma zaidi.

Muhtasari wa kikao upo mtandaoni, kila mtu anaweza kuusoma. Tumeandikwa wote wawili kwenye waliohudhuria, na chini yake: hakuna aliyepinga. Waongo wakubwa. Alikuwepo mmoja, nami nilimshika mkono.