Reli ya Mianzi Mbele ya Jiko la Bibi

Unanijua, rafiki yangu: sifichi mafanikio yangu. Nilirudi kwetu Kikatiti, kati ya Moshi na Arusha, na stashahada ya ufundi wa reli. Iko ukutani ndani ya kioo, na mgeni lazima aione kabla hajapewa chai. Sebuleni nina reli ndogo ya mfano, imejaa meza nzima, ina stesheni na daraja. Wiki iliyopita niliibomoa ili niipange upya, maana kona moja ilikuwa kali na mabehewa yalikuwa yakianguka. Nikiwa nimeshika vidoleni taruma moja, kile kipande kinacholazwa chini ya reli kuishikilia, harufu ya moshi wa jiko la bibi ikanijia.

Ilikuwa enzi ya Wajerumani, nami nilikuwa mtoto. Treni ilikuwa haijafika kwetu; reli ilikuwa bado inasogezwa kuelekea Moshi, na wanaume wa mlimani walichukuliwa kwenda kuijenga. Baba alichukuliwa. Akatoroka, akarudi amekonda, mgongo umechanika kwa kiboko. Bibi akampandisha darini, juu ya mafiga, mahali alipokaushia kuni. Mtoro akikamatwa alirudishwa kwa minyororo, na wengine hawakuonekana tena. Niliagizwa niseme baba yuko kazini. Hata kukohoa, alikohoa ndani ya blanketi.

Mchana, bibi akimenya ndizi za mtori, sauti ya baba ilinishukia pamoja na moshi. Aliniambia kwamba mataruma ya reli ile ni ya chuma, kwa sababu mchwa wangekula mbao, na kwamba yamekunjwa kama hori la ng'ombe lililopinduliwa. Basi nikapasua mianzi, nikailaza kifudifudi mbele ya jiko, nikafunga fito mbili juu yake kwa kamba za mgomba. Kibuyu kikawa kichwa cha treni. Nilijiona mhandisi.

Jirani yetu, aliyekuwa akibeba mizigo hadi reli ilipofikia, ng'ambo ya Moshi, akapita na kusimama.

"Mama, nani kamwonyesha mtoto mataruma?"

Kisu cha bibi kikatulia.

"Haya hayajui mtu ambaye hajafika kule relini," jirani akasema kwa sauti ya chini. "Na askari wako hapo bondeni, wanaingia nyumba kwa nyumba."

Nikataka kuvunja kila kitu. Bibi akanishika mkono. "Ukivunja, askari atauliza tunaficha nini. Ijenge upya, na uijenge kijinga." Alizoea kusema kwamba mjinga haulizwi njia.

Nikaanza kuharibu. Nikatawanya fito, nikaipandisha reli juu ya kichuguu, nikaizungusha banda la mbuzi na kuitumbukiza kwenye shimo la majivu. Kibuyu nikakitia masikio ya majani. Kila kosa lilinichoma kama mwiba.

Askari akaja, bakora mkononi. "Ewe, hii nini?"

"Treni, bwana."

"Treni ina masikio? Inakula majani?" Akacheka hadi akashika kiuno.

Kisha akasukuma kibuyu kwa bakora. Chini yake nilikuwa nimesahau kipande kimoja cha mwanzi, kimelala kifudifudi. Akakipindua. Akaacha kucheka.

"Nani kakufundisha hii?"

Ndani, kupitia mlango uliokuwa wazi, niliona masizi yakidondoka kutoka darini hadi kwenye chungu cha mtori. Bibi akayakoroga kama chumvi, bila kuinua uso.

"Hakuna, bwana. Nimejifundisha mwenyewe."

"Wewe?"

"Mimi mwenyewe."

Akarusha kile kipande majivuni. "Basi umejifundisha vibaya," akasema, akaenda zake.

Bibi hayupo tena, jiko lake limekuwa shamba la kahawa, na mianzi ile ilikatwa zamani. Reli ilikuja kufika Arusha, chini ya Waingereza, na baba alisikia treni ikilia lakini hakuipanda hata siku moja. Niliporudi na stashahada yangu alikuwa bado hai. Ukoo wote ulijaa uani, mbuzi wakachinjwa, na mtu akauliza nani alinifundisha mambo makubwa hivi. Nikajibu kama nilivyozoea kujibu, kifua mbele: mimi mwenyewe.

Baba alikuwa amekaa pembeni, karibu na moto. Akajifunika blanketi mdomoni, akakohoa humo ndani, polepole, asisikike.